Mungu Kuwa Mwanadamu: Unamwelezaje Mtu wa Imani Nyingine?

Swali

Mwalimu, salaam. Naishi bweni moja na wenzangu wa dini mbalimbali, na jioni mazungumzo hayakawii kuingia kwenye imani. Rafiki yangu Mwislamu ameniuliza: kama Yesu ni Mungu, alipokuwa mtoto mchanga ananyonya, ulimwengu uliendeshwa na nani? Na alipokuwa akisali, alimwomba nani? Nikampa mfano wa maji, barafu na mvuke. Akauliza: basi Yesu alipobatizwa, ile sauti kutoka mbinguni ilikuwa ya nani? Nikakwama. Rafiki mwingine ni Mhindu. Yeye habishi hata kidogo. Anasema kwao pia Mungu hushuka duniani, kwa hiyo imani yetu ni moja. Nimwelezeje kila mmoja bila kupotosha imani yangu na bila kumkwaza?

Jibu

Ndugu yangu, ule mfano wa barafu uache leo hii. Rafiki yako alikubana kwa haki. Maji yakishakuwa barafu si mvuke tena, na ukiufuata mfano huo mpaka mwisho utajikuta unasema kwamba Mungu alikuwa Baba, kisha akajigeuza Mwana, kisha akajigeuza Roho. Hayo ndiyo yanayohesabiwa kuwa mafundisho ya Sabellius wa karne ya 3, na Kanisa liliyakataa. Yaani ulikuwa unatetea kitu ambacho dini yako mwenyewe ilishakitupa, na Mwislamu ndiye aliyekuonyesha kasoro yake. Usione haya; mimbarini mfano huo bado unasikika. Ila usihangaike kutafuta mwingine wa kushika nafasi yake. Tunachokisema juu ya Kristo tunasema kimetokea mara moja tu tangu dunia iumbwe. Kitu cha kukilinganisha nacho utakitoa wapi?

Tunachokiri ni hiki. Mwana, ambaye Yohana anamwita Neno, alikuwako kwa Baba kabla ya kuumbwa chochote. Huyo alitwaa ubinadamu mzima katika tumbo la Bikira Mariamu: mwili, roho, akili na utashi wa mtu. Hakuacha kuwa vile alivyokuwa tangu milele, bali alianza kuwa vile ambavyo hakuwa. Nafsi, yaani yule mwenyewe, ni moja, ya Mwana. Asili, yaani kile alicho, ni mbili, ya Mungu na ya mwanadamu. Mtaguso wa Kalkedonia, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 451, ulisema asili hizo zimeungana bila kuchanganyika, bila kubadilika, bila kugawanyika, bila kutenganishwa. Yatazame hayo maneno manne: yote ni ya kukanusha. Wale maaskofu hawakudai kueleza Mungu alifanyaje. Walisema tu ni yapi yasisemwe. (Wakopti, Waethiopia, Waarmenia na sehemu ya Wasiria hawakuupokea mtaguso huo. Hata hivyo mwaka 1973 Papa Paulo VI na Papa Shenouda III wa Wakopti walitia saini tamko la pamoja wakikiri kwamba Kristo ni Mungu kamili na mtu kamili. Sehemu kubwa ya ule ugomvi wa karne na karne ilikuwa ya istilahi.)

Nakushauri uufuate utaratibu wa Kalkedonia hata huko bwenini. Kabla ya kumwambia mtu tunaamini nini, mwambie hatuamini nini. Mara nyingi nimeona kwamba lile analolipinga mwenzetu kwa ukali wote, Kanisa lililipinga kabla yake. Watu wanabishana mpaka usiku wa manane na jambo lenyewe hakuna aliyeligusa.

Kwa Waislamu utaratibu huu una historia ndefu. Karibu mwaka 781 khalifa al-Mahdi wa Baghdad alikaa siku mbili akizungumza na Timothy wa Kwanza, Patriaki wa Kanisa la Mashariki, na Timothy akayaandika mazungumzo yale kwa Kisiria. Khalifa alianza moja kwa moja: mtu msomi kama wewe unawezaje kusema kwamba Mungu Mtukufu alioa mke akazaa mtoto? Timothy hakujitetea. Alishangaa kuliko hata khalifa, akauliza ni nani huyo aliyethubutu kumkufuru Mungu namna hiyo. Baada ya hapo ndipo alipoanza kueleza nini maana ya kumwita Kristo Mwana. Angeanza na maelezo, khalifa angemsikia kama mtu anayetetea wazo la Mungu kuwa na mke. Alipoanza na mshangao, wote wawili walijikuta wamesimama upande mmoja, na mazungumzo ya kweli yakapata nafasi.

Swali la khalifa bado ndilo la kwanza mpaka leo, na lina msingi katika Kurani. Surat al-An'am, aya ya 101, inauliza Mungu atakuwaje na mtoto ilhali hana mke. Surat al-Maida, aya ya 116, inazungumzia Isa na mama yake kufanywa miungu wawili kando ya Mwenyezi Mungu. Kwa yote mawili jibu lako liwe fupi: Mungu hana mke, na Mariamu si mungu. Hakuna mtaguso wowote uliofundisha kinyume.

Na ile aya maarufu ya Surat al-Ikhlas, "Hakuzaa wala hakuzaliwa"? Hapa pana jambo ambalo Wakristo wengi hawajawahi kulisikia. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterani, ukizungumzia ile asili moja ya Mungu, ulisema kwamba asili hiyo haizai, haizaliwi, wala haitoki kwa mwingine. Mara ya kwanza kulisoma tamko hilo utadhani limenukuliwa kutoka kwa Waislamu. Lakini usikimbilie kumwambia rafiki yako kwamba basi tumekubaliana, maana papo hapo mtaguso unaendelea kusema kwamba Baba ndiye anayezaa na Mwana ndiye anayezaliwa, milele, bila mwili na bila kuugawa Umungu. Tofauti ipo palepale. Faida yake ni kwamba rafiki yako ataona hatusemi kuna Umungu uliozaa Umungu mwingine ikawa miungu miwili.

Kuna njia ya mkato ambayo vijana wetu huipenda, nami sikushauri kuipita. Surat an-Nisaa, aya ya 171, inamwita Isa Neno la Mungu alilompelekea Maryam. Mkristo hurukia hapo: unaona, hata kitabu chako kimekiri! Aya hiyohiyo inasema pia "wala msiseme: Watatu", na inamwita Isa Mtume. Kumkatia mtu nusu ya aya yake ni kumdharau, naye ataacha kukusikiliza. Kuna njia ndefu yenye adabu zaidi. Waislamu wenyewe walishapita kwenye mjadala mkali kuhusu Maneno ya Mungu. Mwaka 833 khalifa al-Ma'mun aliwalazimisha wanazuoni wakiri kwamba Kurani imeumbwa. Ahmad ibn Hanbal alikataa, akafungwa, na baadaye chini ya khalifa aliyefuata akapigwa mijeledi. Msimamo wake ndio ulioshinda miongoni mwa Wasunni: usemi wa Mungu haukuumbwa, ingawa unasomwa kwa ndimi zilizoumbwa na kuandikwa kwa wino ulioumbwa. Muulize rafiki yako, kwa kutaka kweli kujua, analielewaje hilo. Atakueleza kwamba usemi ni sifa ya Mungu, si nafsi. Ni sawa, na hapo ndipo tunapoachana: sisi tunasema Neno ni Nafsi, na kwamba halikuja kama kitabu bali kama mtu. Lakini swali la namna gani kilicho cha milele kinapatikana ndani ya kilichoumbwa halitakuwa geni kwake.

Baada ya hayo yote utafika kwenye ugomvi halisi, nao hauhusu hesabu ya tatu na moja. Ni ugomvi juu ya utukufu: Mungu anastahili nini, na nini hakimstahili. Surat al-Maida, aya ya 75, inasema Masihi na mama yake walikuwa wakila chakula. Hoja ni nzito: anayekula ana haja, na mwenye haja si Mungu. Kosa la Wakristo wengi hapa ni kulificha tumbo la Yesu. Wanakimbilia miujiza, kutembea juu ya maji, kumfufua Lazaro. Wewe usikimbie. Injili zenyewe hazifichi: aliona njaa jangwani, alichoka akaketi kando ya kisima Samaria, alilala usingizi chomboni wakati wa dhoruba, alilia kaburini kwa Lazaro, na alisema saa ile ya mwisho haijui. Waliotaka kuyafuta hayo ni wazushi, si mitume. Wakati Waraka wa kwanza wa Yohana unaandikwa tayari walikuwapo waliosema mwili wake ulikuwa sura tu isiyo na uhalisi. Katika karne ya 4 Apollinaris, mtu aliyekuwa na nia njema kabisa ya kumtukuza Kristo, alifundisha kwamba Kristo hakuwa na akili ya kibinadamu, kwamba Neno ndilo lililoshika nafasi hiyo. Gregory wa Nazianzus akamjibu kwamba kisichotwaliwa hakikuponywa. Akili yetu ndiyo iliyotangulia kuanguka. Kama Kristo hakuitwaa, imebaki na ugonjwa wake.

Kwa hiyo mwambie rafiki yako: ndiyo, alikula, na alikula kwa sababu alikuwa na njaa kweli. Wewe unaona hilo linamshusha Mungu. Sisi tunaona Mungu asiyeweza kushuka bila kupungukiwa ndiye angekuwa na utukufu mdogo. Hapo hamtakubaliana, lakini angalau mtakuwa mnabishania imani yenu, si uvumi.

Sasa yale maswali yake mawili.

Nani aliendesha ulimwengu? Askofu Athanasius wa Aleksandria alilijibu swali hili miaka karibu 1,700 iliyopita, kwa hiyo rafiki yako yuko katika kundi la watu makini. Jibu lake ni kwamba Neno halikufungiwa ndani ya mwili. Lilipokuwa katika mwili ule halikukosekana kwingine, na lilipokuwa likiutembeza mwili ule halikuuacha ulimwengu bila utendaji wake. Anayelisha viumbe vyote ndiye aliyekuwa akinyonyeshwa, kwa wakati mmoja, kwa asili mbili. Anayefikiri Mungu aliondoka mbinguni akapaacha patupu anamfikiria Mungu kama kiumbe anayechukua nafasi mahali, na jambo hilo hata Mwislamu halikubali.

Alimwomba nani? Alimwomba Baba. Baba si Mwana, ndiyo maana barafu yako ilishindwa pale Yesu alipobatizwa Yordani. Lakini usiishie hapo, kwa sababu kuna swali la pili limejificha ndani yake: Mungu anahitaji kusali? Soma sala ya Gethsemane katika Luka 22: "walakini si mapenzi yangu, bali yako yatendeke." Je, Kristo alikuwa na mapenzi yake kama mtu, tofauti na mapenzi ya Mungu? Katika karne ya 7 wafalme wa Konstantinopoli walitaka jambo hilo lipitishwe kimyakimya, kwamba utashi ulikuwa mmoja tu. Mtawa mmoja mzee, Maximus, alikataa katakata. Walimkata ulimi na mkono wa kuume, akafia uhamishoni mwaka 662. Mwaka 681 mtaguso uliokutana mjini humohumo ukaamua alichokuwa akikitetea: Kristo ana utashi wa Mungu na utashi wa mtu. Kwa hiyo anayesali bustanini si mwigizaji. Ni Mwana, mwenye moyo wa mtu unaoogopa kifo kweli, akimwambia Baba yake ndiyo. Watu walipoteza viungo vya miili yao wakilinda uhalisi wa sala ile, kwa hiyo swali la rafiki yako usilichukulie kama mtego.

Akiuliza pia kama Mungu alikufa, mwambie kwamba asili ya Mungu haifi. Aliyekufa ni Mwana, kwa ule ubinadamu alioutwaa, kama Cyril wa Aleksandria alivyokuwa akisisitiza kwamba Neno liliteswa katika mwili. Ila ujue Waislamu wengi hawaamini kwamba Isa alisulubiwa, kwa aya ya 157 ya an-Nisaa, kwa hiyo mjadala huo una mlango wake mwingine.

Nije kwa rafiki yako Mhindu. Pengine unajiuliza yupi mgumu zaidi. Kwa maoni yangu ni huyu. Anayekataa amekusikia, anayekubali haraka pengine hajakusikia bado. Katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 4, Krishna anasema kila dharma (haki na utaratibu mwema) inapofifia na uovu unapopanda, yeye huja, zama baada ya zama, kuwalinda wema na kuwaangamiza waovu. Mapokeo yanayojulikana zaidi yanahesabu avatari kumi, yaani kushuka mara kumi kwa mungu Vishnu: wamo samaki, kobe, nguruwe, nusu mtu nusu simba, Rama, Krishna, na Kalki ambaye bado hajaja. Kwa mtu aliyelelewa humo, kumwongeza Yesu kwenye orodha ni ukarimu. Mshukuru kwa ukarimu huo, kisha umwonyeshe kwa nini Mkristo hawezi kuupokea.

Sisi tunasema mara moja. Waraka kwa Waebrania unalirudia hilo karibu kwa ukaidi. Tena tunasema wakati na mahali: Kanuni ya Imani, inayotaja mambo makubwa ya mbinguni, inamtaja pia Pontio Pilato, liwali wa Kirumi, mtu ambaye kusema kweli hakustahili heshima hiyo. Yumo kwa sababu jambo lilitokea mbele yake, katika tarehe za watu. Halafu kuna suala la mwili wenyewe. Madhehebu kadhaa ya Wavaishnava, waabudu wa Vishnu, hufundisha kwamba mwili wa avatari si wa maada kama yetu. Kristo tunakiri ana mwili kama wetu, na kwamba hakuuvua. Aliyefufuka alionyesha makovu ya misumari, na mpaka leo Mwana ni mwanadamu. Hilo la mwisho hata Wakristo huwapita. Wengi hudhani aliuvua ubinadamu alipopaa. Vengal Chakkarai, Mkristo wa India, katika miaka ya 1920 alimwita Yesu Avatari kwa makusudi, lakini akishikilia kwamba kushuka huku hakukuwa kwa muda.

Vijana wetu huongeza kwamba Krishna anakuja kuwaangamiza waovu, ilhali Yesu alisema hakuja kuwaita wenye haki bali wenye dhambi. Tofauti ipo, lakini itumie kwa uaminifu: Gita hiyohiyo, sura ya 9, inasema hata mtenda maovu makubwa akimwabudu Krishna kwa moyo wote ahesabiwe mwema. Mhindu aliyesoma atakurudishia aya hiyo, nawe utabaki umeduwaa.

Mbuddha hukumtaja, nami nitasema kidogo tu: kwake swali la Mungu Muumba lenyewe halina uzito huo, kwa hiyo usianze na Umwilisho, yaani Mungu kutwaa mwili. Anza na mateso, ambayo yeye ameyatafakari kuliko wengi wetu.

Wayahudi pia hukuwataja, ila usiwasahau, kwa kuwa waliokuwa wa kwanza kusema Neno alifanyika mwili walikuwa Wayahudi, na waliokuwa wa kwanza kulikataa walikuwa Wayahudi pia. Torati inasema Mungu si mtu (Hesabu 23:19), na Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi, aliliweka miongoni mwa misingi kumi na mitatu ya imani kwamba Mungu hana mwili. Mwaka 1263, Barcelona, rabi Nachmanides aliitwa kujibu hoja za Wakristo mbele ya mfalme wa Aragon. Alisema waziwazi kwamba ugomvi mkuu si juu ya Masihi bali ni juu ya hili: kwamba Muumba wa mbingu na nchi akae tumboni mwa mwanamke Myahudi, azaliwe mtoto mdogo, akue, kisha auawe, akili haiwezi kulivumilia. Aliyasema akiwa katika mjadala ambao hakuuitisha yeye, na hilo tuzungumzapo nao tulikumbuke. Lakini Agano la Kale lina pia swali la Sulemani siku ya kuliweka wakfu hekalu: "Lakini Mungu je! Atakaa kweli kweli juu ya nchi? Tazama, mbingu hazikutoshi." Aliuliza hivyo wingu la utukufu likiwa limekwisha kuijaza nyumba, hata makuhani wakashindwa kusimama. Mbingu hazimtoshi, naye amekaa. Mwanafalsafa Myahudi wa karne ya 20, Michael Wyschogrod, aliandika kwamba Myahudi hana haki ya kumwamulia Mungu mapema kwamba jambo hili haliwezekani. Anachoweza kusema ni kwamba haamini Mungu alilifanya. Sijasoma pingamizi lililo la haki kuliko hilo, na laiti wote tungebishana hivyo.

Kuhusu kumkwaza mtu: hutaweza kumweleza Mwislamu wala Myahudi jambo hili bila kwazo lolote. Likiisha kabisa, basi umewaeleza jambo jingine. Unachoweza kuepuka ni makwazo yasiyo ya lazima: mke wa Mungu, miungu watatu, barafu, aya zilizokatwa.

Ukitaka maneno ya kuanzia, sema hivi kwa lugha yako: Mungu ni mmoja. Hana mke, hakuzaa kwa mwili, hakugeuka kuwa kitu kingine. Neno lake, ambalo ni la milele kama yeye, lilitwaa maisha ya mtu kwa ukamilifu, njaa na kifo vikiwemo, kwa sababu sisi tulikuwa tunakufa na hatukuweza kupanda kumfikia. Kisha nyamaza umsikilize. Nadhani nalijua swali litakalofuata: kwa nini Mungu Mwenye kurehemu asisamehe tu kwa neno, bila kuja mwenyewe? Hilo si swali la Umwilisho tena bali la msalaba, na linahitaji jibu lake peke yake. Likija, niandikie.